Tairi la Nyuma ni Suruali Ngapi?

9 Februari

Mwanangu mpenzi,

Pokea salamu zangu, na za mama yako aliyesimama hapa mlangoni akisema nisisahau kukuuliza kile kikohozi kimeishia wapi. Kimeishia wapi? Sisi wazima. Goti langu la kushoto hulalamika asubuhi, likishapata chai linanyamaza.

Najua utasema, Baba, si ungepiga simu. Kwenye simu maneno yananiponyoka kabla sijayapima, na jambo hili linataka kupimwa.

Duka nalifunga mwisho wa Juni. Ndiyo, nimekata kauli. Vyerehani viwili vimeshapata wenyewe, kile cha miguu nabaki nacho kwa viraka vya nyumbani. Nimewashonea watu suruali tangu wewe hujazaliwa. Wamezivaa, wamekwenda nazo huko walikokwenda, na mimi nimebaki kwenye kiti kilekile nikiutazama ukuta wa duka la viatu. Nimechoka kuutazama.

Sasa sikia. Yule daktari wa meno wa ghorofani, ninayemshonea makoti meupe, mgongo wake umemwambia basi. Ana pikipiki kubwa chini ya jengo lake, ameifunika shuka. Nilimpelekea makoti akaniteremsha kwenda kuiona. Alipovuta shuka nilisimama pale kama mtu aliyesahau alichotumwa. Ni ya buluu iliyokolea, buluu ile ya suti za mabwana harusi. Akaniambia nikae, nikakaa. Juu ukutani kuna kidirisha, mwanga wa jioni unaingia umeinama, vumbi linaelea ndani yake polepole, na mimi nimeshika mikono ya usukani, siendi popote, lakini nahisi nakwenda. Niliona barabara imekunjuliwa mbele yangu kama jora la kitambaa, haina mshono hata mmoja. Nilikuja kushtuka makoti ya daktari yako chini kwenye saruji.

Bei naiweza, hiyo si swali langu. Nataka kujua kitu kile kinakula nini kikishakuwa chako. Wewe ndiye fundi wa madude hayo, wewe ndiye unayelala ukinukia grisi. Niandikie kwa suruali tafadhali, maana hesabu nyingine hazinikai kichwani. Ufundi wa suruali moja, hicho ndicho kipimo changu.

Mama yako hajasema ndiyo wala hajasema hapana. Jana ameniuliza tu, "Mke mwenzangu hajambo?" Sijui nicheke au niogope. Asiporidhia yeye, pikipiki haitaingia uani kwangu, na mimi sitaki kuipata kwa kumnunisha.

Ni mimi baba yako.


27 Februari

Shikamoo Baba, na Mama nampa shikamoo yake mbali, asije akasema nimewachanganya.

Kikohozi kimekwenda zake. Natumaini goti linaendelea kunywa chai. Huku mvua imenyesha wiki nzima, mabati ya karakana yanapiga kelele kiasi kwamba tunaongea kwa vidole. Nilisoma barua yako nimekaa juu ya tairi kuukuu, nikaisoma tena, bosi akaniuliza kama ni barua ya mchumba. Nikamwambia ni ya mzee wangu, amependa.

Haya, suruali. Tairi la nyuma ni suruali ishirini na mbili, na ukiendesha kwa ustaarabu litakuvumilia miaka miwili. La mbele ni kumi na sita na halina papara ya kuisha. Mnyororo na meno yake ni kumi na nane. Oili na chujio, suruali nne kila unapobadilisha, na usiniletee habari za kungoja mpaka iwe nyeusi. Bima, kaa kwanza Baba, bima ya mwaka ni suti tatu kamili pamoja na vizibao. Mafuta yanategemea mkono wako kwenye usukani, sijui mkono wako ukoje, lakini dude lile halinywi kwa kijiko. Halafu kofia ngumu, glavu, buti na koti zito. Najua utataka kujishonea koti. Jishonee, ila kitambaa nitakutumia mimi, usije ukatoka na gabadini ya suruali.

Na ziko gharama ambazo siwezi kuziandika kwa suruali. Pikipiki kubwa ukiiacha imesimama inanuna, betri inakufa, mpira unakauka. Inataka utoke nayo hata siku ambayo hutaki kutoka. Na ni nzito Baba. Siku moja italala chini, hakuna ambaye haijamlalia, na kama huwezi kuinyanyua peke yako hiyo si yako bado.

Kwa hiyo nifanyie mambo matatu. Nipimie kiti kutoka sakafuni. Nipimie mguu wako kwa ndani, kutoka mapaja yanapoungana hadi kisiginoni, kama unavyowapima wateja. Na uniambie mtabebwa wangapi, kwa sababu shokapu na matairi yanapangwa kwa uzito wa watu.

Mama anasemaje?

Binti yako, Fundi Grisi.


14 Machi

Mwanangu Fundi Grisi,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Tuko salama, mvua yenu imetufikia, nguo hazikauki. Barua yako nimeitia mfukoni pamoja na futi yangu ya kupimia, natembea navyo vyote viwili.

Hizo suti tatu za bima zimenitoa jasho. Lakini nimekaa nazo, nimezizoea, sasa naziona kama wateja wasumbufu ambao mwisho wa yote hulipa.

Vipimo ni hivi. Kiti kutoka sakafuni, inchi thelathini na nne. Mguu wangu kwa ndani, inchi ishirini na tisa. Huu wa pili niliupima dukani mbele ya kioo, mlango nimeufunga, maana sikutaka yule muuza viatu aanze kuuliza maswali. Nimepima pia upana wa tanki, urefu wa mikono ya usukani, mzunguko wa taa. Taa ina kifua cha mtoto wa darasa la kwanza. Hukuniuliza hayo, lakini futi ikishatoka shingoni hairudi mara moja.

Kuhusu kuinyanyua. Tuliilaza juu ya godoro kuukuu, mimi na daktari, yeye akifumba macho kama mgonjwa wake mwenyewe. Mara ya kwanza haikutikisika. Mara ya pili nilipata sauti kiunoni lakini pikipiki ilibaki pale pale. Ndipo daktari akasema nigeuke, niipe mgongo, nikae kwenye ubavu wa kiti na kusukuma kwa miguu kurudi nyuma. Ikainuka! Iliinuka taratibu kama mtu anayeamka usingizini, nikahisi uzito wote unanipitia mgongoni na kuisha. Nilicheka peke yangu. Sijui mara ya mwisho nilicheka peke yangu lini.

Watu wanaobebwa: mtu mmoja.

Nilikuwa namsomea mama yako barua hii kwa sauti mpaka mstari huo. Akainuka akaenda kuanua nguo. Nikamwambia hazijakauka. Akasema anajua.

Mchana siku hizi nikikanyaga cherehani nasikia kitu kingine. Mguu unakwenda, mkono unaongoza kitambaa, sindano inapiga, na mimi nimeshafika kwenye kona ndefu ambayo upande mmoja ni miti na upande wa pili hakuna kitu, ni uwazi tu. Jana nilishona mfuko wa suruali ukaziba kabisa. Mteja alitia mkono, mkono ukarudi.

Nijibu upesi, daktari ana mtu mwingine anayeulizia.

Baba yako.


2 Aprili

Shikamoo Baba.

Natumaini barua hii inawakuta na afya. Mimi mzima, ila roho yangu iko juu juu, kwa hiyo nitasema nisije nikaghairi.

Usinunue.

Inchi thelathini na nne kwa mguu wa ishirini na tisa, utasimama kwenye taa za barabarani kwa ncha za vidole. Gari likikupulizia honi, umeanguka. Hili si suala la ujasiri. Nimekuta karakana hii imejaa majasiri, pikipiki zao huletwa kwa gari la kuvuta, na mimi ndiye ninayetoa majani na mchanga kwenye taa zao. Huwa sikuandikii habari hizo. Baba, ninaogopa. Nikifikiria buluu yako iliyokolea imelala ubavu kwenye lami nashindwa kushika spana.

Halafu suruali. Nimekuhesabia kwa suruali kama ulivyotaka, na hesabu imekaa vizuri, lakini duka linafungwa Juni. Baada ya hapo tairi utalilipa kwa suruali zipi? Nimejiuliza hili wiki mbili na sijapata jibu la kukupaka mafuta.

Na jambo la mwisho, si la kifundi. Umepima kiti cha mbele, tanki, usukani, umepima hata taa kifua. Kiti cha nyuma hukukipima. Niliitafuta inchi yake kwenye barua yako nzima. Nadhani hata Mama aliitafuta.

Nisamehe kwa maneno makali. Nakupenda, ndiyo maana.

Binti yako.


20 Mei

Shikamoo Baba. Shikamoo Mama.

Hamjambo huko? Ile ya Aprili haijajibiwa, na hii ni ya pili naandika tangu hapo, ya kwanza niliichana. Namuuliza kila dereva wa basi anayeleta vifurushi, wananijua sasa, wakiniona wanatikisa kichwa kabla sijafungua mdomo.

Kama umekasirika, Baba, kasirika kwenye karatasi, nitaisoma. Niliandika kama fundi, nikasahau kwamba sikuombwa ruhusa, niliombwa hesabu tu.

Huku kumetulia. Mchana mwanga ukipenya matundu ya mabati, sakafu inajaa vidoa vidogo vya mwanga, na ninapolala chini ya pikipiki ya mtu navitazama mpaka nasahau ninafungua nini. Nilikuota. Ulikuwa unapita mbele ya karakana, polepole mno, umevaa koti lenye vifungo vingi, hukusimama. Sikukuita kwa sababu ulionekana una raha.

Niandikieni hata mstari mmoja. Kama pikipiki imeuzwa, niambieni imeuzwa.

Binti yenu.


11 Juni

Mwanangu mpenzi,

Tuwie radhi kwa kimya. Sote wazima wa mwili. Sikukasirika. Nilikufa moyo tu, na mtu aliyekufa moyo hana la kuandika.

Siku barua yako ilipofika nilikwenda kwa daktari nikamwambia amuuzie yule mwingine. Nilirudi nyumbani nikaiviringisha futi nikaitia kwenye kopo la vifungo. Baada ya hapo nilikaa. Nilikwenda dukani nikakaa, nilirudi nyumbani nikakaa. Mama yako alinivumilia kama anavyomvumilia mteja mwenye kubadilisha mawazo. Maneno yako kuhusu kiti cha nyuma nilikuwa nimeyasoma kimoyomoyo, sikumsomea, lakini barua niliiacha mezani, na yeye macho anayo.

Juma lililopita alikuwa anapiga pasi. Akaniuliza bila kugeuka, "Hivi ule mguu uliupimaje?"

"Nilisimama mbele ya kioo, nikashusha futi mpaka chini."

"Ukasoma vipi?"

"Nikainama, nikasoma."

Pasi ikasimama. "Ukainama."

"Nikainama."

Mwanangu, mama yako alicheka mpaka akashikilia meza. Alicheka mpaka jirani akauliza kuna nini. Mimi ndiye ninayewaambia wateja kutwa wasimame wima, watazame mbele, wasichungulie futi, kwa sababu ukichungulia goti linakunjika na suruali inatoka fupi. Na mimi nilijifungia dukani nikachungulia! Akatoa futi kwenye kopo. "Simama," akasema. "Tazama dirishani." Nikatazama dirishani. Akapiga goti, akapima, akaniacha nimesimama pale muda mrefu kuliko kipimo kinavyohitaji.

"Thelathini na moja," akasema.

Halafu akabaki palepale chini, akasema maneno haya, nayaandika kama alivyoyasema. "Miaka yote hii nimekaa nyuma yako dukani, nashona vifungo na kupinda pindo. Mgongo wako naujua kuliko uso wako. Leo umepata kitu chenye kiti cha nyuma, ukamwandikia mtoto kwamba ni mtu mmoja."

Nilitaka kusema kwamba nilidhani ataogopa. Nilitaka kusema mengi. Lakini ukweli ni kwamba sikumfikiria, niliota peke yangu, na nikamwambia hivyo. Nikamuuliza kama atakuja. Akasema kwanza atakiona hicho kiti.

Tulikwenda. Yule mteja mwingine wa daktari alikuwa ameikimbia bima. Mama yako akaipanda, akakaa nyuma, mikono mapajani, mwanga wa kile kidirisha ukimwangukia begani. Nikakaa mbele. Nilisikia anapumua nyuma yangu kama anavyopumua dukani akiwa anatunga uzi, na ile barabara yangu ikarudi, ila safari hii nilijua kuna mtu anaiona pamoja nami. Kisha akasema, "Kiti hiki kimeshonwa na adui."

Ni kweli, mshono umepita katikati kabisa, mahali pa kukalia. Kwa ruhusa ya daktari nilikibandua nikaja nacho nyumbani. Sponji ya mbele nimeichonga inchi moja, ya nyuma nimeiongeza, nimekivisha ngozi mpya na mshono nimeupeleka pembeni. Mama yako amesimamia. Picha ya kiti iko humu ndani ya bahasha.

Sasa kiti ni inchi thelathini na tatu na mguu ni thelathini na moja, na buti zina soli. Nihesabie upya. Watu wanaobebwa: wawili. Lile swali la suruali zipi bado linanisumbua, sitakudanganya.

Baba yako.


25 Juni

Shikamoo Baba, shikamoo Mama, nyote wawili kwa pamoja safari hii.

Nimecheka barua yote, nikalia sehemu moja, sitasema ipi.

Kwa watu wawili hesabu inapanda. Tairi la nyuma litakwisha mapema, mafuta yataongezeka, shokapu zikazwe, kofia ngumu ni mbili. Lakini inchi zimekubali. Ukisimama nusu ya mbele ya nyayo zote mbili inagusa chini, na hapo mimi kama fundi sina pingamizi. Kama binti bado naogopa kidogo, hilo nimeamua kuishi nalo.

Kuhusu suruali zipi. Picha ya kiti niliibandika karibu na benchi langu. Bosi akapita, akarudi, akautazama sana ule mshono wa pembeni. Akauliza nani. Nikasema mzee wangu, ndiye aliyependa. Basi hili ndilo jibu: na barua hii dereva anakuletea viti vitatu vilivyochanika, vya wateja wetu. Vivishe. Bosi anasema wengine wapo, hapa mjini kila fundi anashona kama adui. Kiti kimoja ni zaidi ya suruali tano, Baba, kwa hiyo kile cherehani cha miguu usikiweke kwa viraka vya nyumbani tu. Tairi la nyuma ni viti vinne. Hesabu hiyo itakukaa kichwani.

Kitambaa cha makoti kiko ndani ya kile kiti kikubwa. Nimetuma cha makoti mawili.

Jifunze kwanza kwenye uwanja mtupu, mchana, Mama akiwa pembeni. Kwenye kona usitazame tairi, tazama unakotaka kwenda. Kubadilisha oili ya kwanza nitakufanyia mimi hapa karakana, bure, siku yoyote mtakayoweza kufika. Najua ni mbali. Nasema tu.

Binti yenu, Fundi Grisi.


18 Agosti

Mwanangu,

Ni mama yako. Baba yako yuko uani ameshavaa glavu, anasema hawezi kushika kalamu, na kuzivua hataki. Kwa hiyo salamu zake ni hizi hizi zangu. Goti lake limenyamaza kabisa, hata chai halijaomba.

Viti vitatu viko tayari, na vingine viwili ulivyotuma mwezi uliopita. Nimevifunga vizuri, nampa dereva wa basi pamoja na barua hii. Dereva anacheka, anasema atatupita kabla hatujamaliza mtaa wa pili, na pengine ni kweli, maana baba yako anaendesha kama anavyopiga pasi hariri.

Tangu tuinunue pikipiki kwa daktari, tumezunguka uwanjani mpaka watoto wa shule wakatuchoka. Ilitulalia mara moja, tukiwa tumesimama. Tuliipa mgongo sote wawili, ikainuka upesi.

Usidhani siogopi. Naogopa tangu alfajiri. Lakini nilipokuwa nashona vifungo vya watu nilikuwa nikijiuliza kila kimoja kitakwenda kufunguliwa wapi. Sasa nina koti langu. Vifungo nimevishona mwenyewe, na cha juu nitakiacha wazi, nione upepo unavyoingia.

Usijibu barua hii. Hatutakuwepo nyumbani kuipokea. Tutalala njiani popote mwanga utakapotuishia, na wewe weka maji ya kuoga, na uandae oili.

Ameiwasha. Ananiita, anasema nyuma kuna nafasi ya mtu.

Mama yako.